Ngoma Niliyotia Chini ya Kilio

Jumapili, 8 Desemba 2024

Maman Simone, ule anatufundisha kusoma na kuandika pa paroasi, alisema kila mwanamuke aandike kidogo kila siku, hata mustari moja, juu mukono isisahau. Miye niliacha masomo mu mwaka ya ine, kule Butembo, juu mama alizaa mapacha na hakukuwa muntu wa kubabeba. Basi, naandika. Leo mvula ilinyesha tangu misa mupaka saa ya kupika. Nilipika sombe, majani ya muhogo. Bwana yangu Muhindo alikula, akasema chumvi ni mingi. Chumvi haikukuwa mingi.

Jumanne, 10 Desemba

Mvula. Nguo hazijakauka.

Jumamosi, 14 Desemba

Mutoto wangu Olive alitoka Kasapa, kule anasomea, akaleta nguo za kufua na kicheko yake. Alinikuta natwanga sombe. Akatoa telefone, akakamata sauti ya kinu: tuf, tuf, tuf. Kisha akanionyesha namna ya kuikata, kuirudilia, kutia juu yake mvula yenye kupiga ku mabati, na sauti yangu nikisema "Olive, acha!" Ikakuwa wimbo. Kweli! Olive acha, tuf, tuf, Olive acha. Tulicheka mupaka Muhindo akauliza kama tumekunywa.

"Maman, hii inaitwa remix. Tuitie ku TikTok."

"Bantu bataniona?"

"Habatakuona. Chagua jina tu."

Nikachagua Mama Kinu. Ninasikia haya kuandika hii. Mwanamuke wa miaka yangu, wa kwaya, mwenye kufagia altare kila ijumaa, anacheza na telefone sawa mutoto.

Alhamisi, 19 Desemba

Kuran ya umeme ilikatika tangu jumatatu, tuko na mishumaa. Nilipeleka telefone kwa Mbuyi, ku kona ya avenyu yetu. Mbuyi ni muntu wa Kasai, lakini alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, mu komini ya Kenya, na baba yake vile. Iko na plaque ya jua juu ya kibanda, anachajia bantu telefone, anabatilia nyimbo. Mbele ya kibanda kuko bafle kubwa yenye kupiga ngoma moja, ile ile, tangu asubui. Avenyu yote tunaijua. Hata kuku za hapa zinatembea nayo.

Nilimulomba anitilie ile ngoma mu telefone.

"Aaa, Mama Olive! Na weye uko wa remix?"

"Sauti chini. Bwana yangu asisikie."

"Miye sisemake, maman." Na bafle nyuma yake inapiga mupaka meno yangu inatetemeka.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Kuku moja, bantu bengi. Hakuna mwenye alilala njaa.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimefanya ingine: ule mama wa makala mwenye kupita asubui akilia "Makala, makalaaa", na ngoma ya Mbuyi chini yake. Muntu wa Likasi, simujue, aliandika: "Mama Kinu, unatuua! Leta ingine!" Nilisoma ile mustari na kidole, nikarudilia, nikarudilia. Tangu nizaliwe hakuna muntu aliniambia leta ingine, kama haiko bukari ya kula.

Jumapili, 19 Januari

Leo naandika juu ya Clotilde, juu Maman Simone alisema tuandike juu ya muntu tunapenda.

Clotilde ni jirani. Parsele yake na yangu zinashikana. Yeye ni wa Goma, miye wa Butembo, lakini hapa banatuita "ba Kivu" bote, sawa vile tulitoka mu tumbo moja. Tulifika Lubumbashi mwaka moja. Nilipozaa Olive yeye njo alinikanda na maji ya moto, yeye njo alinifundisha makala gani inawaka na gani inakupa moshi tu. Mu lupango kati yetu tulitoboa tundu, tunapitishiana chumvi, moto, na maneno. Kaka yake mukubwa, Yaya Casimir, iko Goma. Ameahidi kukuya Paska na batoto. Clotilde amekwisha kununua mashuka. Anasema kila siku: "Mama Olive, utaona mwanaume mwenye kula. Utalomba Mungu akuongezee sufuria."

Jumapili, 26 Januari

Banasema vita imefika pa mulango ya Goma. Mu misa hakuna aliyeimba vizuri.

Jumanne, 28 Januari

Goma imeanguka. Muhindo hakwenda ku kazi yake ya depo. Aliikala ku kiti na redio ku sikio. Clotilde anapiga telefone ya Casimir, haipite. Nilimupelekea bukari na samaki, akaangalia tu ile sahani.

Jumatano, 29 Januari

Saa ya mangaribi nilisikia Clotilde analia. Sikupita ku mulango, nilipita pa tundu, nikapasua kanzu. Yaya Casimir alitoka kutafuta maji, hakurudi. Jirani yake wa kule alipata réseau kidogo, akasema alikufa, ikakatika.

Alhamisi, 30 Januari

Kilio. Nilikamata audio. Nimechoka.

Jumapili, 2 Februari

Nataka kuandika ile nilifanya, na kalamu inakataa.

Kwanza niseme namna ya kilio. Mwili iko Goma, njia zimefungwa, ndege hazitembee. Hakuna wa kwenda kuzika. Basi tulitandika mikeka mu parsele ya Clotilde, tukaweka picha ya Casimir juu ya kiti, banaume pa inje na mbabula yabo ya makala, siye banamuke ndani. Na kwa familia yabo, muntu mwenye iko mbali sherti sauti yake ifike. Zamani balituma muntu. Sasa banatuma audio. Kule Goma Shangazi Brigitte, mukubwa wa familia, anaiweka mbele ya bafiwa bote basikie: huyu amelia, na huyu amelia. Mwenye sauti yake haikufika, ni sawa hakuwe wa damu yabo.

Telefone yangu ilikuwa imejaa kuran, juu Mbuyi aliichajia. Clotilde akasema: "Mama Olive, kamata weye. Weye sina haya mbele yako."

Alilia. Sijue namna ya kuiandika. "Casimir, yaya, ulisema unakuya! Ulisema Paska unakuya! Nilifua mashuka, yaya! Ulisema unakuyaaa…" Ile "unakuya" ya mwisho ilipanda, ikavunjika, ikashuka pole pole. 

Nilituma. Telefone ilikuwa inazunguka, inazunguka, réseau kidogo. Ijumaa nilitia ile audio mu masikio, peke yangu mu jiko. Na niliwaza kintu mubaya. Niliwaza: hii sauti ni muzuri. Haiko "maskini Clotilde" niliwaza. Niliwaza muzuri. Kidole yangu ilianza yenyewe. Nilitoa jina ya Casimir. Nilitoa kikohozi. Nikabakisha "ulisema unakuya", nikairudilia, nikatia ngoma ya Mbuyi chini yake. Telefone ikasema imejaa, nifute kintu. Nikafuta ile kilio ndefu, juu niliwaza ilikwisha kwenda.

Nikasikiliza. Nilitoka machozi. Nikajiambia: hii ni heshima kwa Casimir. Na hakuna mwenye atajua. Nikaitia ku TikTok.

Jumatano, 5 Februari

Bantu bengi. Bengi sana banaisikiliza. Banatoka Kolwezi, Kalemie, hata Zambia. Niko nageuza bukari na ninacheka peke yangu, na ku ngambo ya lupango bangali ku mikeka. Naandika hii juu Maman Simone alisema tusidanganye karatasi: nilifurahi.

Jumapili, 9 Februari

Pa robine ya maji, batoto banacheza. Bametunga namna ya kucheza: unaangalia mukono sawa vile uko na saa, unatia mikono ku kiuno, unasukuma kichwa mbele, "Ulisema unakuyaaa!", kisha unajitupa chini. Katoto moja, hata meno haijatimia, anaicheza kushinda bakubwa. Banamuke bote balipiga makofi. "Ona huyu! Ona huyu! Mama yake amezaa muziki!" Na miye nilipiga makofi. Mikono yangu ilipiga, miye naiona.

Jumatatu, 10 Februari

Muhindo aliingia anapiga mulunzi ile wimbo. Nilimwambia anyamaze, mu nyumba ya jirani kuko kilio. Akasema: "Kweli, unisamehe." Aliniomba samahani, miye!

Jumatano, 12 Februari

Clotilde aliniita pa tundu. Amekonda, kitambaa ya kichwa inamushuka.

"Mama Olive, ile audio ilienda?"

"Ilienda."

"Kweli? Juu Shangazi hajaniambia kintu."

"Réseau ya kule, weye unajua. Ilienda."

Nikaingia mu nyumba kuangalia. Haikwenda. Kuko alama nyekundu tu. Na ya kurudilia kutuma, sina.

Alhamisi, 13 Februari

Mvula yenye mawe. Mabati ya jiko imetoboka.

Jumapili, 16 Februari

Bukavu na yenyewe, banasema. Mudogo wa Muhindo iko mu njia ya Uvira, hatujue kama iko muzima. Bantu banakuya na magari, na magodoro ku kichwa. Sikuweza kupokea hostia. Nilibaki ku benchi, nikasema nina malaria.

Jumanne, 18 Februari

Leo Clotilde alitoka mara ya kwanza tangu kilio. Nilimusindikiza ku soko. Nilitaka tupite ku barabara ya nyuma, yeye akasema hapana, anataka kuona bantu.

Pale banauzisha samaki ya kapenta, wewa moja, mwenye kubeba bantu, alisimamisha pikipiki yake, redio juu. Ikaanza. Nilisikia ngoma kabla yake, juu miye naijua. Clotilde alikuwa anachagua kapenta. Mukono yake ilisimama.

"Ulisema unakuyaaa!"

Mama wa kapenta aliangalia mukono yake, saa haiko, akatia mikono ku kiuno, akasukuma kichwa, na banamuke benzake: "Aaaa! Sukuma, Mama Mwaba, mifupa itasema nini kesho!" Bote banacheka, bantu bazuri, hakuna hata moja mubaya.

Clotilde alisema, pole pole, sawa muntu mwenye kuuliza njia: "Lakini ile ni miye."

Mama wa kapenta alisema: "Siye bote, mama! Banaume bote ni bamoja! Banasema banakuya, habakuye!"

Clotilde alinishika mukono. Vidole vyake vilikuwa na kapenta, vikanikwaruza. "Mama Olive, ile ni miye. Ile ni kilio yangu. Nani alikuwa na telefone ingine? Nani?"

Nikasema: "Twende nyumbani."

Mu njia yote alisema: "Sherti unisaidie kumutafuta. Weye ulikuwa karibu, weye uliona." Na miye nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, nitakusaidia.

Jumatano, 19 Februari

Sikulala. Nilipika chai, nikasahau majani.

Jumanne, 25 Februari

Réseau ya Goma imerudi kidogo. Shangazi Brigitte alipiga. Clotilde alitia telefone ku sauti kubwa, juu anataka nisikie naye ile baraka, alisema. Tulikuwa pa mukeka, siye babili.

"Clotilde."

"Shangazi wangu, poleni, poleni kwenu bote."

"Tulilomba kilio yako. Tulingoja. Chadrack, mutoto wa Casimir, alinionyesha jana mu telefone. Siye tunafunika ndugu yako na mchanga, na risasi juu ya kichwa, weye kule Lubumbashi uko unaimba muziki?"

"Shangazi, haiko miye nilitia ngoma! Nililia! Audio ilitumwa!"

"Hakuna audio ilifika. Muziki njo ilifika."

"Shangazi, uliza Mama Olive, iko hapa, yeye njo alituma!"

Na Clotilde akanisogezea telefone ku kinywa.

Nikasema: "Shangazi, pole. Réseau…"

Ikakatika. Sijue kama ilikatika yenyewe ama yeye alikata. Clotilde alibaki anaangalia ile telefone. Kisha akasema kintu nitakufa nayo: "Asante umenisemea."

Jumamosi, 1 Machi

Olive alikuya, anaimba tangu ku mulango. "Maman! Maman wangu wa TikTok! Unajua pa kampisi banakucheza? Nilijizuia kusema ni mama yangu!" Akaangalia mukono, akatia mikono ku kiuno.

"Acha."

"Olive acha, tuf, tuf…"

"Olive, ile ni sauti ya Mama Clotilde. Ku kilio ya Yaya Casimir."

Alibaki na mikono ku kiuno.  Akaikala ku ndoo ya maji. Kisha akauliza: "Yeye anajua?"

"Hajue ni miye."

"Maman."

"Naijua."

"Maman, yeye njo alinifundisha kutembea."

Alikamata telefone yangu, akafuta ile remix, akafuta Mama Kinu yote. Akasema haisaidie kintu, iko mu matelefone ya bantu sasa, lakini isibakie kwetu. Alirudi Kasapa bila kukula.

Jumatano, 5 Machi

Majivu ku paji. Padri alinitia mingi, ama niliwaza vile.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa naandika yote, hata kama mukono inauma.

Avenyu imeanza kusema. Kilio ya mufiwa imefanywa muchezo, na hii wakati bantu bako na roho ya moto, juu ya vita, juu ya bandugu benye habajulikane bako wapi. Muntu moja akasema: lakini ile ngoma, haiko ngoma ya Mbuyi? Mwingine: ni yenyewe! Mwingine: yeye njo anatiaka nyimbo mu matelefone. Mwingine, na hii nilisikia na masikio yangu, Constantin wa kinyozi: "Bantu ba Kasai, unabapatia kona ya kuikala, banauzisha mupaka machozi yako." Constantin mwenyewe alifika hapa wakati Mbuyi amekwisha kuzaliwa, lakini leo hakuna mwenye kuuliza.

Saa ya tisa vijana balifika ku kibanda. Miye nilikuwa natoka ku unga. Balisukuma bafle, ikaanguka ku matope, moja akaitia mutwangio ya kinu mu tumbo. Ngoma ikakatika. Tangu tuhamie hapa sikujasikia ile kona kimya.

"Sema! Nani alikupatia kilio ya Mama Clotilde?"

"Hakuna mwenye alinipatia."

"Na ngoma?"

"Ngoma ni yangu, kila muntu anaisikia."

"Ulimutilia nani?"

Mbuyi aliinua macho. Aliniona, na mufuko ya unga ku kichwa. Hakugeuza macho mbio, juu bangejua. Aliniangalia tu, sawa muntu anakupatia kiti. Angalisema jina moja tu, balikuwa banamuacha. Akasema: "Miye natilia bantu bengi. Sikumbuke."

Na miye? Nilipita. Nilipita na unga yangu. Nilipika, Muhindo alikula, akasema leo chumvi haiko. Ilikuwa kweli.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda ku misa.

Jumanne, 11 Machi

Mbuyi alipita mbele ya mulango asubui, na plaque yake ya jua ku bega. Anaipeleka kwa shemeji yake mu Makomeno, hapa haina usalama tena. Akasimama.

"Mama Olive, miye nilisema sisemake, na sitasema. Lakini bibi yangu anaogopa kutoka kuteka maji. Baliandika ku ukuta yetu."

"Baliandika nini?"

"Weye unasoma sasa, maman. Pita utasoma."

Nilipita mangaribi. Nilisoma. Sitaiandika hapa.

Ijumaa, 14 Machi

Nilifagia altare. Nilifagia mupaka mahali kwenye haikukuwa buchafu.

Jumapili, 16 Machi

Kisha ya misa nilikwenda kwa bibi ya Mbuyi, nikamulomba amuite. Nilisema: "Baba Mbuyi, kuya na miye kwa Clotilde."  Tulipita ku barabara, kati kati ya avenyu, saa ile bantu bote bako pa milango. Constantin akalia: "Eee, Mama Olive, unamupeleka akalombe pole?" Nikasema, na sauti ya kwaya, ili isikike mupaka ku robine: "Haiko yeye wa kulomba. Ile remix ni miye niliitunga. Miye. Mbuyi hakujua." Nilitembea tena.  Nyuma yangu mwanamuke moja akasema: "Mama wa kwaya?"

Clotilde alikuwa pa mukeka anachambua maharagi. Alikuwa amekwisha kusikia, lupango haizuie kintu. Hakuinua kichwa.

"Sema tena, hapa."

"Mama Kinu ni miye. Nilikamata kilio yako, nikaitia ngoma, nikaitia ku TikTok. Na nilikuona unatafuta, nikanyamaza. Na niliona banavunja bafle ya huyu baba, nikanyamaza."

Alitoa jiwe mu maharagi, akalitupa. Akamwambia Mbuyi: "Baba, unisamehe. Balivunja juu ya jina yangu."

"Maman, haiko weye ulishika mutwangio," Mbuyi akasema. Akaniangalia kidogo, akatoka. Nilitaka abaki.

Clotilde akasema: "Sawa. Nipe audio yangu. Bila ngoma. Niitume kwa Shangazi sasa hivi, asikie."

"Haiko."

"Haiko namna gani?"

"Niliifuta. Telefone ilijaa. Niliwaza ilienda."

"Uliniambia ilienda."

"Nilidanganya."

Pale njo aliinua macho. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa tayari anipige na ungo. Alicheka, kidogo, bila meno. "Basi kilio yangu yote yenye imebaki hapa duniani ni ile yenye banacheza."

Nikasema upumbafu. Nikasema: "Clotilde, lia tena. Nitaikamata vizuri, nitatuma mbele yako."

"Nilie tena? Sawa répétition ya kwaya? Nianzie wapi, Mama Kinu, ku 'yaya' ama ku 'ulisema'?" Alisukuma ungo pembeni, maharagi ikamwagika. Alitoa telefone yake mu kitambaa ya kiuno. "Lia weye."

"Miye?"

"Weye uliikata vipande vipande. Hakuna mwenye kuijua sawa weye. Lia vile nililia, yote, Shangazi aisikie mu kinywa ya mwenye alikuwa pale. Na kwanza useme jina yako."

Alifinya pa kukamata sauti. Namba ikaanza kukimbia.

Nilisema: "Shangazi Brigitte, ni miye Josée, mama ya Olive, jirani. Clotilde alilia. Miye njo niliharibu. Alilia hivi." Kisha nikaanza, na sauti ilitoka kidogo, sawa ya muntu anayesoma mu mukutano. Casimir, yaya, ulisema unakuya. Clotilde aliniangalia tu. Nikaanza tena. Ulisema Paska unakuya. Nilifua mashuka, yaya. Na nilipofika ku mashuka niliyaona, mashuka yake ya manjano, bado ku kamba, juu hajapata roho ya kuyaondoa, na sauti yangu ikavunjika yenyewe. Nililia kweli. Sijue kama nililia Casimir, mwanaume mwenye sikumuona hata siku moja, ama Clotilde, ama miye. Pa lupango bantu balikuwa banasimama, hakuna mwenye alicheza. Nililia jina ya Casimir kwenye nililitoa. Nilitia hata kikohozi. Nikafika ku "unakuyaaa" ya mwisho, nikashuka nayo, nikanyamaza.

Clotilde hakufunga. Telefone bado mbele ya uso wangu.

"Umeruka kipande," akasema.

"Ni yote."

"Umeruka. Kabla ya ile ya mwisho."

Namba inakimbia. Nilijua kipande gani. Ile ijumaa mu jiko nilikitoa cha kwanza, kabla ya jina, kabla ya kikohozi, na hata hapa mu karatasi sikukiandika. Siku ya kilio, katikati, alinyoosha mikono kwangu, magoti inamukataa, na alisema. Miye niliangalia telefone isitikisike. Bibi ya muntu mwingine njo alimudaka.

Nikasema, na ile sauti yake: "Mama Olive, nishike. Naanguka, Mama Olive, nishike."

Clotilde akafunga. Akatuma. Tulingoja siye babili, tukaona imekwenda. Alirudisha telefone mu kitambaa, akavuta ungo, akaanza kuokota maharagi mu mukeka, moja moja.

"Ile siku niliwaza kelele ilikuwa mingi," akasema. "Kumbe ulisikia."